Siri niliyoisema kikundini nimeikuta sokoni

Bibi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani wa hapa Morogoro, umri wangu miaka 47, nina mke na watoto watatu. Mwezi wa tano mwaka jana mke wangu alianguka jikoni akichuja tui la vitumbua. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala na maneno yakamtoka, likabaki neno moja tu: "bado". Akitaka maji ni "bado". Akitaka chooni ni "bado, bado". Akinikasirikia ni "bado" hiyohiyo, ila anaipiga kwa nguvu mpaka watoto wanatoka nje.

Tangu siku hiyo mwuguzaji ni mimi. Namwogesha, namvalisha, nambadilisha pampasi, nakoroga uji. Banda nililokuwa nafungua saa moja asubuhi sasa nafungua saa nne, na jioni nafunga wateja wakiwa bado njiani. Binti yangu mkubwa, yuko kidato cha pili, ndiye anayempeleka mama yake mazoezini hospitali kila Jumatano. Kaka zangu walikuja mara mbili. Mara ya pili walikuja na ushauri: nimrudishe kwao Kilosa, mama yake amwangalie, mimi bado nina nguvu za kuanza upya.

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali ndiye aliyeniambia kuna kikundi cha watu wanaouguza ndugu waliopooza, wanakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwenye darasa la shule ya msingi. Nilimpiga chenga kwa miezi. Mwanaume mzima niende kulia mbele za watu? Siku nilipokwenda nilikuta akina mama kumi na mmoja na mzee mmoja mwenye baraghashia, amekaa dawati la nyuma, dawati la watoto, magoti karibu yaguse kidevu.

Bibi, siku ile nilitoka pale mwepesi. Mama mmoja alinionyesha kitu ambacho miezi minane nilikuwa sikijui: ukimvalisha mtu aliyepooza anza na mkono uliolala, na ukimvua mkono huo uwe wa mwisho. Mimi nimeshona mikono ya nguo miaka 20, na kila asubuhi nilikuwa napigana na blauzi kama nakamata mwizi. Nikaenda nyumbani nikapasua blauzi zake tatu ubavu wa kulia, nikaweka vifungo kutoka mkononi kupita kwapani mpaka chini. Sasa kumvalisha ni dakika mbili. Mwezi uliofuata nilibeba moja kuwaonyesha, na watu watano wakaagiza.

Mkutano huo wa pili ndio ulioniponza. Nilisema jambo ambalo hata paroko sijamwambia. Kuna usiku mke wangu alilowa mara ya nne, nimetoka tu kumbadilisha, shuka safi zimekwisha. Akaanza "bado, bado, bado". Nikatoka. Nikafunga mlango kwa nje, nikakaa kibarazani mpaka adhana ya alfajiri, yeye amelala kwenye maji yake.

Hilo nililisema Jumamosi. Jumanne mteja mmoja, mama ambaye hajawahi kukanyaga kikundini, alikuja kuulizia gauni lake, akaniambia: "Pole fundi, nasikia siku hizi mama watoto unamfungia ndani." Mkasi ulinidondoka. Gauni lake mpaka leo sijaligusa.

Halafu kuna la kopo. Mwenyekiti wa kikundi anauza unga wa dawa lishe, shilingi 85,000 kopo moja. Anasema unazibua mishipa, na mgonjwa akianza kuutumia apumzishe vidonge vya presha ili visigongane. Nilinunua. Liko juu ya kabati, sijalifungua.

La mwisho linanitia aibu. Wiki mbili zilizopita jumuiya walikuja kusali rozari nyumbani. Mke wangu, ambaye hawezi kuniita jina, alisali Salamu Maria yote pamoja nao, neno kwa neno, mpaka "sasa na saa ya kufa kwetu, amina". Dada yangu alikuwepo. Wageni walipoondoka akanivuta pembeni: "Wifi anaweza kusema. Anakuchezea huyu." Tangu siku hiyo kila nikisikia "bado" namwangalia mke wangu kwa jicho jingine, halafu najichukia.

Mtaalamu wa mazoezi ananiuliza mbona sionekani Jumamosi. Nirudi kikundini au nibaki na mambo yangu nyumbani kwangu?

Fundi, Morogoro

BIBI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Swali lako la kikundi nitalifikia. Lakini mimi nilikuwa nesi miaka mingi kabla ya kustaafu na kuanza kusoma barua zenu, na ndani ya barua yako kuna mambo mawili ambayo hayangoji Jumamosi ya pili.

Kwanza mke wako. Hakuchezei. Kwa watu wengi sehemu za ubongo zinazotafuta maneno na kuyapanga ziko upande wa kushoto, na upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana mkono na maneno viliondoka siku moja. Wataalamu wanaita hali hiyo afasia. Ila sala aliyoisali tangu utotoni haitafutwi neno baada ya neno. Imeshakuwa njia moja iliyokanyagwa, ukimweka mwanzoni miguu inakwenda yenyewe. Nyimbo ziko hivyohivyo, na kuhesabu moja mpaka kumi, na siku za wiki, na salamu. Na matusi! Nilikuwa na mzee mmoja wodini, mtu wa heshima zake, hakuweza kusema "uji" hata umwekee bakuli puani, lakini mwanafunzi wa unesi akimchoma sindano vibaya lilitoka tusi lililokamilika, na sarufi yake yote. Mkewe alitaka kuzama ardhini kwa aibu. Tukamwambia furahi mama, sauti ipo.

Kwa hiyo ile Salamu Maria ni habari njema. Inakuonyesha kwamba koo ni zima, ulimi ni mzima, na mwenyewe yumo. Mwambie mtaalamu wa mazoezi alichofanya, umwulize kama kuna mtu wa kumsaidia mambo ya kusema, maana wataalamu hao kwetu ni wachache na usipouliza hutaelekezwa. Nyumbani imba naye. Mkiimba mara ya tatu, nyamaza kabla ya neno la mwisho la ubeti, umwachie alimalize. Ukimwuliza kitu, usimwulize "unataka nini?" Hilo ni swali la mtu mwenye maneno. Nyanyua kikombe, nyanyua sahani, ngoja. Ngoja kuliko unavyoona inafaa. Wala usiseme naye kwa sauti kubwa kama kiziwi, au kwa sauti ya kubembeleza kama mtoto wa chekechea. Na dada yako mweleze haya kwa upole, maana ndivyo watu wengi wanavyofikiri, naye hakuwa na wa kumweleza.

Pili, kopo. Lishushe kabatini leo, usimpe hata kijiko. Na kama tangu ulinunue kuna siku vidonge vya presha vilirukwa "ili visigongane", kesho mpeleke apimwe. Aliyekwisha kupata kiharusi yuko karibu zaidi na cha pili kuliko ambaye hajakipata, na presha iliyoachwa bila dawa ndiyo inayokifungulia mlango. Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Mtu anaacha vidonge wiki nzima anajiona mzima, anausifu unga. Dawa yoyote ya kuongeza au kupunguza aiamue anayemtibu, akiwa na kadi yake mkononi. Mwenyekiti hana mamlaka hayo, awe amepona nani kwa unga wake.

Sasa tuje kwenye ule usiku.

Ulimwacha mtu asiyeweza kujigeuza amelala kwenye maji mpaka alfajiri, na mlango umeufunga kwa nje. Sitasema si kitu. Mgonjwa wa namna hiyo akilala sehemu moja kwenye unyevu, ngozi ya kiunoni na kwenye visigino inaanza kufa, na kidonda cha kulalia kikishafunguka kinaweza kuchukua miezi kufunga. Na moto ungetokea je, mlango umefungwa? Lakini nimeisoma aya yako mara nyingi, na naona mtu aliyejua kwamba akibaki mle ndani mkono wake utamwinukia mgonjwa, akautoa mkono nje. Nimewahi kuona waliobaki ndani. Tulikuwa tunawapokea wagonjwa wao wakiwa na alama kwenye mikono. Wewe ulitoka. Kilichokukosa usiku ule ni namba moja ya simu ya mtu ambaye ungempigia saa nane ya usiku, ukamwambia "nimefika mwisho", naye asishangae.

Namba hiyo ndiyo kazi ya kikundi. Mengine yote, chai, daftari la mahudhurio, sala ya kufungua na ya kufunga, ni mapambo.

Sisi watu wa huku vikundi tunavijua sana, hatuhitaji kufundishwa. Mama anayekuuzia nyanya ana kikoba, mkeo nina hakika alikuwa na upatu na wauza vitumbua wenzake. Na hakuna mtaa usio na kikundi cha kufa na kuzikana, kina maturubai, masufuria na kanuni kali. Mtu akifa, ndani ya saa tatu maji yako jikoni na viti vimeshushwa. Lakini mtu akipooza akabaki hai, hakuna turubai. Watu wanakuja wiki ya kwanza na machungwa, wiki ya pili wanatuma salamu, mwezi wa tatu unabaki wewe na beseni. Husemwa mgonjwa haulizwi uji. Na anayeukoroga uji huo, mchana na usiku, naye haulizwi kitu. Nilimuuguza marehemu mama yangu miaka minne, nesi mzima na ujuzi wangu wote, na mwaka wa pili nilianza kulia nikiona shuka nyeupe kwenye kamba za watu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wote walikuwa wananisifu.

Kwa hiyo jibu langu ni rudi. Ila usirudi kimya.

Wenzetu wa vikundi vya walevi wanaoacha pombe walilielewa jambo la siri mapema mno, wakaliweka kwenye jina. Alcoholics Anonymous maana yake ni walevi wasiotajwa majina. Kilianza mwaka 1935 mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara za hisa, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, yuko safarini, biashara imemharibikia, na baa ya hoteli inamwita. Akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kumsikiliza dakika 15. Walikaa zaidi ya saa sita. Ninachokipenda kwenye hadithi hiyo ni kwamba Wilson hakwenda kumwokoa daktari. Alikwenda kujiokoa mwenyewe asinywe usiku ule. Na walikuwa wawili tu, hawakuwa na mwenyekiti wala mhuri.

Tusiende mbali. Kampala, mwaka 1987, Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe, Christopher, kwa UKIMWI. Mama huyu kazi yake ilikuwa mazoezi ya viungo, kama huyo anayekuuliza mbona huonekani. Siku hizo mgonjwa wa UKIMWI alikuwa anakimbiwa hata na ndugu, na dawa za kufubaza virusi hazikuwa zimemfikia mtu wa kawaida wa huku. Akakaa na wenzake, jumla yao watu 16, wengi wao wenyewe wameguswa na ugonjwa. Hawakuwa na dawa ya kupeana. Walichopeana ni mahali pa kusema neno ambalo nje lingekufukuzisha kazi na nyumba. Ndicho kilichokuwa TASO, shirika ambalo Uganda nzima inalijua. Fikiria mmoja wa wale 16 angekwenda kusimulia sokoni. Pasingekuwa na kikao cha pili.

Kwa hiyo aliyetoa maneno yako nje alivunja ukuta wa nyumba nzima. Uso wako ni sehemu ndogo tu ya hasara. Jumamosi ijayo kila mama aliyekuwepo akiwa na usiku wake kama wako ataumeza, na siku nyingine hatatoka nje ya mlango, atabaki ndani. Hilo ndilo nataka ukaliseme pale. Usitaje unayemshuku, hata kama unamjua kwa rangi ya kanga yake. Sema: niliyoyasema hapa Jumamosi niliyakuta kwangu Jumanne, naomba tuweke kanuni. Kanuni yenyewe ni fupi. Cha kwako unaweza kumsimulia umtakaye, cha mwenzako kinabaki darasani, hata kama hukutaja jina, maana Morogoro hii ukisema "fundi cherehani mmoja mke wake amepooza" umeshataja. Isomwe kila mkutano unapofunguliwa, kwa sauti, hata kama wote wanaijua. Na kwa kuwa vikoba vimetufundisha kwamba kanuni isiyo na faini ni ushairi, wekeni faini. Mimi ningesema ndoo tano za maji kwa mgonjwa wa uliyemtangaza. Azibebe mwenyewe mpaka mlangoni.

Kanuni nyingine iwe hii: mle ndani hauzwi unga, mafuta, chai wala maji ya upako, na mtu haambiwi kuacha dawa ya hospitali. Mwenyekiti akikubali, mwache na uenyekiti wake. Akikataa, basi hicho si kikundi, ni duka lenye madawati, na utoke bila ugomvi.

Ukitoka hutatoka peke yako. Kuna yule mzee wa dawati la nyuma. Umemweleza kwa mistari miwili tu, baraghashia na magoti, lakini nimemwona. Mwanaume wa umri ule hakai kwenye dawati la mtoto mwezi hadi mwezi kwa ajili ya chai. Kabla ya Jumamosi mtafute. Nyie wanaume kukaa duara mkitazamana machoni kunawashinda, nawajua, lakini mkikaa ubavu kwa ubavu mnaongea. Kaa naye kwenye benchi la nje kliniki ya mazoezi, mkiangalia mbele. Mwulize anamgeuzaje mgonjwa wake usiku peke yake. Mwombe namba. Hapo tayari una kikundi, kikao cha watu wawili kama kile cha Akron, na kama cha shuleni kitanyooka, mtarudi mkiwa wawili.

Na zile blauzi. Umeziandika kana kwamba ni kichekesho, mimi nilisimama nikamsomea jirani. Zimbabwe kuna mpango aliouanzisha daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006, akina bibi wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati wanasikiliza watu waliozidiwa na mawazo. Wakimaliza zamu za benchi, watu hao wanaingia kwenye duara la wenzao, na kwenye duara wanasuka mikoba huku wanaongea. Mikono ikiwa na kazi mdomo unalegea. Wewe kikundi chako umekipelekea kitu ambacho hakuna nesi aliyenifundisha: blauzi inayofunguka upande uliolala. Nenda na sindano na vifungo Jumamosi, waonyeshe wenyewe waviweke. Bei weka ya kulipia kitambaa na muda wako, usiwape bure, utaanza kuwachukia.

Jumuiya yenu nayo tayari ni kikundi, mnachokosea ni kwamba hamjaiambia cha kufanya. Watu wamejaa sebuleni, wamesali mafumbo yote, wamekunywa chai yako, wameondoka na "tuko pamoja". Hawana roho mbaya. Hawajui tu pamoja ni wapi na saa ngapi. Waambie: Jumatano, saa mbili mpaka saa saba mchana, naomba mtu mmoja kila wiki, kwa zamu, ampeleke mke wangu mazoezini na kumrudisha. Andika majina kwenye karatasi, libandike mlangoni. Nimesema Jumatano kwa sababu.

Binti yako. Umempa sentensi moja katika barua yote, na hiyo sentensi imeniweka macho. Mtoto wa kidato cha pili anakosa shule siku moja kila wiki, na mwishoni mwa mwaka ana mtihani wa taifa. Hajalalamika, sivyo? Hao ndio wa kuogopa. Watoto wa kike wa nyumba zenye mgonjwa huwa wazuri mno, wanafua kabla ya kuambiwa, na siku moja unakuta ameshaacha shule ndani ya moyo wake. Jumatano arudi darasani. Na usimfanye yeye ndiye mtu wa kumwagia moyo usiku. Hilo ni la mzee wa baraghashia.

Kaka zako usigombane nao. Kilosa si jehanamu, na kama siku moja mama mkwe akitaka kukaa na binti yake mwezi mmoja, mpelekee na blauzi zake. Lakini kumpeleka mke kwao kama mashine iliyoharibika inavyorudishwa kwa muuzaji, hapana. Na kabla hujaamua lolote, mwulize mwenyewe. Ndiyo, ana neno moja tu. Ana mkono wa kushoto pia, ana uso, ana kichwa kinachoweza kukataa. Mwulize pia kama anakubali habari zake zisemwe kikundini. Inawezekana miezi yote hii hakuna aliyemwuliza kitu ambacho jibu lake ni kubwa kuliko maji na choo.

Kitu cha mwisho cha kinesi, halafu nakuachia. Baada ya kiharusi mtu mmoja kati ya watatu, kwa makadirio, huingia kwenye sonona, na wanaowauguza hawako mbali nao. Ukimwona analia bila kukoma, hataki kula, hataki mazoezi, mwambie daktari, inatibika. Na wewe ukianza kuamka kila siku ukitamani usingeamka, maneno hayo yapeleke hospitali siku hiyohiyo, usingoje Jumamosi ya mtu.

Na gauni la yule mama lishone, limalize. Nadhani ameshalipa nusu. Akija kulichukua akikuuliza tena habari za mlango, mwambie Jumatano kuna zamu ya kumpeleka mgonjwa mazoezini, umwandike?